Kiti Kilichopungua

Ijumaa, 3 Januari 2025

Jailos kanipa daftari hili, la mwaka mpya, bado linanuka gundi. Kasema, "Andika kila kitu kabla hujasahau. Watu wa kampuni wanategemea usahau." Mume wangu alikaa reli miaka thelathini, anajua jinsi malalamiko yanavyokufa.

Basi naandika. Sisi ni walimu wastaafu wanane, wanawake watupu, tuliofundisha shule moja hapa Mbeya. Kwa miezi kumi na minne kila mmoja aliweka elfu thelathini kila mwezi, tukalipia safari ya siku nne Hifadhi ya Ruaha, kila kitu ndani. Mimi ndiye mpangaji. Mimi ndiye niliyemleta Gideoni, mwenye kampuni, kutoka Iringa, akasimama sebuleni kwangu hapa mtaa wa Soweto na vipeperushi vyake. Mahema kando ya mto. Gari refu lililo wazi juu. Mwongozaji anayejua kila ndege kwa jina. Chakula cha moto mara tatu kwa siku. Ana sauti ya upole, anakuita Mama kila baada ya sentensi mbili.

Tarehe 27 Desemba tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gari likachemsha pale Chimala, tukakaa kando ya barabara hadi saa tisa mchana, wali tukanunua kwa pesa zetu. Mahema hayakuwepo. Tulilazwa gesti ya kijiji nje ya hifadhi, wawili kitanda kimoja, maji ya ndoo, chakula maharage yaliyopoa. Siku ya pili hatukwenda popote, Gideoni alikuwa hajalipa viingilio. Siku ya tatu, saa nane mchana, ikaja Noah moja ya kawaida. Inabeba abiria saba. Sisi wanane.

Dereva, Peter, alisema atatuzungusha kidogo kisha amfuate aliyebaki. Hakumfuata. Jua lilizama tukiwa bado ndani, na geti lina saa zake.

Aliyebaki ni Faustina.

Faustina ana miaka sabini na moja. Alifundisha Darasa la Tatu miaka thelathini na minne, na kila mwaka alitundika ukutani ile chati ya wanyama na kuwafundisha watoto tembo: mkonga, pembe, masikio kama ungo. Hajawahi kumwona tembo. Mwaka juzi daktari alimwambia ana presha ya macho na kwamba kinachopotea hakirudi. Hapo ndipo wazo la safari lilipoanzia. Alisema anataka kumwona mmoja tu, ajue kama kweli alikuwa anawafundisha watoto sawasawa.

Tuliporudi gesti jioni ile alikuwa amekaa barazani, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, vilevile tulivyomwacha. Akauliza, "Mmewaona?"

Sabina, mmoja wetu, akajibu kabla sijafungua mdomo. "Swala tu, dada. Swala na matope. Hujakosa kitu."

Hakuna aliyemkanusha. Faustina akashusha pumzi, akatabasamu kidogo, akatupa pole.

Tulikuwa tumeona tembo kumi na mmoja.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimempigia Gideoni mara nne. Hapokei.

Jumatano, 8 Januari

Kapokea. Nilitumia simu ya Jailos.

"Shikamoo Mama. Mama, mimi mwenyewe nimeumia. Ile ni hali ya barabara na mvua."

"Mvua ndiyo iliyoondoa mahema?"

"Mama, utalii una changamoto zake. Lakini kwa ujumla wageni walifurahi. Nina ushahidi kwamba walifurahi."

Nikamwuliza ushahidi gani. Akasema yuko kikaoni, atanipigia. Hajapiga.

Jumatatu, 13 Januari

Mvua. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kugeuka njano.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya ibada wote wanane tulikutana kwangu kuandika barua ya madai. Nimekaa na kalamu, wenzangu wanataja, naandika. Chimala. Gesti. Maji ya ndoo. Viingilio. Noah. Tunadai turudishiwe fedha zote na tuombwe radhi kwa maandishi. Veronika, mdogo wetu wote, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa ananisahihisha saa na tarehe.

Nilipofikia mwisho, Faustina akasema kutoka kwenye kochi, "Na la tembo je? Andika na la tembo. Kipeperushi kilisema tembo ni wa uhakika. Andika kwamba watu wamelipa laki nne na ishirini kila mmoja na hakuna aliyeona tembo hata mmoja."

Veronika akainama kutafuta kiatu chake ambacho hakikupotea. Nilimtazama Sabina. Sabina akanitazama, akasema polepole, "Andika, Atuganile. Dada amesema."

Nikaandika. "Hatukuona tembo hata mmoja." Kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Faustina akaomba asomewe barua yote, maana maandishi madogo sasa yanamshinda, nami nikamsomea, na la tembo nikalisoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha tukatia sahihi wanane.

Jumatano, 22 Januari

Barua imekwenda, kwa basi na kwa simu. Leo jua limetoka kwa muda wa saa moja tu.

Jumapili, 2 Februari

Kimya kutoka Iringa. Kanisani Faustina alitoa ushuhuda. Alisema alipobaki gesti siku ile alinung'unika moyoni, lakini Mungu alimwonyesha kwamba hakukosa kitu, kwa hiyo tusiwe wepesi kunung'unika. Watu wakaitikia Amina. Nami niliitikia. Sabina alikuwa anapekua kitabu cha nyimbo.

Jumanne, 11 Februari

Gideoni amejibu. Ukurasa mmoja, muhuri mkubwa wa bluu. Hakiri kosa lolote, lakini "kwa moyo wa ukarimu" anatupa safari nyingine bure, mwezi wa saba, kiangazi, wakati tembo wanakusanyika mtoni. Pesa harudishi.

Sabina anasema tukubali, mwenye bure hachagui. Wenzetu wengine wawili wanamuunga mkono. Nikauliza na Faustina je. Sabina akasema, "Faustina naye atakwenda, safari hii tutampa kiti cha mbele." Nilimpenda Sabina miaka mingi kwa sababu ya wepesi wake. Leo wepesi wake umenichosha.

Alhamisi, 20 Februari

Nimempeleka Faustina kliniki ya macho, mimi na mkwe wake Mbuke. Mbuke ni Msukuma, kwao ni kule Usangu kwenye ng'ombe, dada mmoja mrefu asiyependa maneno. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Daktari alimpima, akazungumza akimtazama Mbuke, sio mgonjwa. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo nalo linafunga. Matone yanaweza kuchelewesha. Nikauliza, hadi mwezi wa saba? Daktari akasema hawezi kuahidi hata Pasaka.

Njiani Faustina akasema, "Basi Gideoni ajipeleke mwenyewe mwezi wa saba." Akacheka. Mbuke hakucheka.

Nimemwandikia Gideoni: hatutaki safari, tunakwenda mahakamani.

Ijumaa, 21 Februari

Sijalala. Kuna jambo sikuliandika tarehe tatu Januari. Niliandika "aliyebaki ni Faustina," kana kwamba kubaki ni kitu kilichomwangukia kama mvua.

Ile Noah iliposimama mbele ya gesti na tukahesabu viti, wote walinigeukia. Mpangaji ni mimi. Kama ingekuwa harusi au msiba, mpangaji ndiye anayekula wa mwisho, hilo kila mtu analijua. Ningesema, nendeni, mimi nabaki. Lakini nilikuwa nimengoja miezi kumi na minne kama wao, na nilikuwa na hasira na Gideoni, nikaona nami nina haki yangu. Nikamwangalia Faustina anavyotembea kwa kupapasa, nikasema, "Dada, wewe magoti yanakusumbua, pumzika kidogo, gari litakurudia." Hakubisha. Alisogea pembeni kutupisha mlango.

Kiti alichopaswa kukalia ndicho nilichokalia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Iringa na Veronika kufungua madai Mahakama ya Mwanzo. Karani mpole. Tumepewa tarehe, 15 Aprili. Matope hadi Makambako, kisha baridi.

Jumatano, 12 Machi

Veronika anataka kujitoa. Alikuja jioni akasimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Dada Atu, ile sentensi ya tembo ni uongo, na tumeitia sahihi."

"Tukiifuta, itabidi tumwambie kwa nini."

"Si tumwambie basi."

"Nenda kamwambie wewe."

Mtu aliyenisahihisha dakika kumi za Chimala alifungua mwavuli wake. Akaaga.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi kutoka Ilula, mgongo unauma. Nilisikia kwamba Peter, yule dereva, amefukuzwa na Gideoni na sasa anapakia nyanya za mke wake barabarani Ilula, ng'ambo ya Iringa. Nilitaka awe shahidi wetu.

Nilimkuta kwenye meza za nyanya, anapanga ndoo ndogondogo, nyanya kubwa juu, zilizobonyea chini. Alinikumbuka. "Kamwene, mama," akanisalimu Kihehe, akanipisha kigoda.

Alieleza bila kuzunguka. Gari la wazi juu halijawahi kuwepo, picha ya kwenye kipeperushi ni ya kampuni nyingine. Gideoni alijua kwamba tuko wanane na akatuma Noah. "Nilimpigia nikamwambia kiti kimepungua. Akaniambia, hao ni wazee, mmoja atachoka tu." Mshahara wa Desemba hajamlipa hadi leo. Nikamwuliza, atakuja mahakamani? Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama basi lililokuwa linasimama. Peter akasema, "Mama, nina watoto, na huyu jamaa ana watu wake. Siwezi. Lakini naandika na kusaini." Akaandika pale pale juu ya boksi.

Nilikuwa nimeshainuka aliponiuliza kwa adabu kabisa, "Mama, yule bibi aliyebaki, mlimwonyesha ile video?"

"Video gani?"

"Ya tembo pale mtoni. Nilipiga kwa simu yangu mkiwa mnashangilia. Bosi aliitaka siku ileile, alisema ya kutangazia."

Nyanya alizonipa nimeziacha kwenye basi. Sasa najua Gideoni alimaanisha nini aliposema ana ushahidi.

Ijumaa, 28 Machi

Nilikwenda kwa Faustina nikiwa nimeamua kumwambia. Alikuwa jikoni anachambua maharage kwa vidole, anatoa mawe, Mbuke anaosha vyombo nje. Alifurahi. Akaniuliza Peter hajambo. Akasema akishinda kesi atamnunulia Mbuke cherehani. Nikakaa saa nzima. Nikachambua maharage pamoja naye. Nikaondoka.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwomba Faustina asiende Iringa, safari ni ndefu, sisi saba tunatosha. Akasema, "Mara ya kwanza mlikwenda saba. Mara hii nakwenda." Hakusema kwa ubaya. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikwenda.

Jumatano, 16 Aprili

Tumerudi usiku. Nitaandika jana ilivyokuwa, yote, halafu nipumzike.

Tulikaa mbele ya hakimu saa nne asubuhi. Mama wa makamo, miwani mnyororoni. Sisi wanane, Veronika naye, benchi la kushoto, Gideoni peke yake kulia, shati jeupe. Faustina alikuwa katikati yangu na Mbuke. Tangu wiki iliyopita haoni tena sura, anaona mwanga wa dirisha tu.

Mambo yalianza vizuri. Maelezo ya Peter yalisomwa. Kipeperushi kikaoneshwa. Gideoni akaulizwa mahema yalikuwa wapi, akasema mvua; akaulizwa kama alilipia mahali popote, hakuwa na risiti. Hakimu alikuwa anaandika na midomo ameikaza. Niliona tunashinda.

Kisha Gideoni akaomba kuonyesha kitu. "Mheshimiwa, wadai wameandika na kusaini kwamba hawakuona tembo hata mmoja. Naomba mahakama ione kama hawa ni watu wakweli."

Akaweka simu mbele ya hakimu, akaongeza sauti hadi mwisho.

Kutoka kwenye benchi letu hatukuweza kuona picha. Tulisikia tu. Tulisikia sauti ya Sabina, "Yesu wangu, tazama yule mdogo." Tulisikia Veronika anahesabu, tisa, kumi, kumi na mmoja. Tulisikia kicheko, kicheko cha wanawake wazima waliosahau umri wao. Halafu sauti yangu, karibu kabisa na simu, "Peter, simama hapa hapa, usiondoke, tukae hadi giza."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema hivyo. Gari lilisimama kwa sababu mimi niliomba lisimame. Saa ya kufungwa geti ilitukuta tukiwa hapo.

Faustina hakusogea. Aligeuza sikio kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto anaposoma kwa sauti ya chini. Video ilipokwisha akauliza, sio kwa kunong'ona, "Ni wapi huko?"

Hakimu akavua miwani. "Mama, wewe ndiye uliyebaki?"

"Ndiyo mimi."

"Nani aliamua ubaki?"

Faustina akasema, "Sikumbuki, Mheshimiwa. Nadhani dereva."

Hapo nikasimama. Sijui kama ulikuwa ujasiri. Nafikiri nilikuwa nimechoka tu. Nikasema, "Ni mimi, Mheshimiwa. Gari lilikuwa la kampuni, upungufu ulikuwa wa kampuni, lakini aliyemwambia abaki ni mimi. Na tembo tuliwaona. Tulimdanganya jioni ile tusimwumize, baadaye tukaandika."

Sabina akanivuta gauni niketi. Gideoni alikuwa anatazama kucha zake.

Hakimu alisema atatoa uamuzi tarehe 29. Nje, kwenye ngazi, Sabina akaniambia mbele ya wote, "Umetuuza. Ungenyamaza tungepata zote." Veronika alikuwa analia.

Kwenye basi Mbuke alikaa na Faustina, mimi kiti cha nyuma yao. Tulipopita Mafinga Faustina akageuka nusu, akazungumza na hewa iliyo karibu nami.

"Wana rangi gani?"

"Dada, naomba unisamehe."

"Nimeuliza rangi."

Nikamwambia. Nilimwambia sio kijivu kama chati. Ni wekundu wa udongo, kwa sababu wanajipaka matope, na yule mdogo alikuwa karibu mweusi kwa maji.

Akafikiri. "Kwa hiyo nilifundisha vibaya."

"Dada, chati ndiyo iliyokosea."

"Chati sikuichora mimi, lakini niliwaambia watoto mimi. Ungerudi jioni ile ukaniambia, wekundu, kumi na mmoja, mdogo mweusi, ningelia, halafu ningewaona. Jicho la ndani lilikuwa bado lina nafasi. Badala yake mlinipa swala. Nikasimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa uongo wenu, na wewe ukaitikia Amina. Nilikusikia. Nakujua sauti."

Kisha akageukia dirisha.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nafasi yake kanisani ilikuwa tupu.

Jumanne, 29 Aprili

Uamuzi. Kampuni imevunja ahadi yake, irudishe nusu ya fedha kwa kila mmoja wetu. Nusu nyingine imepotea kwa sababu madai yetu yalikuwa na uongo ndani yake. Faustina arudishiwe zote, kwa sababu kiti chake alikilipia na hakukikalia, na hakushiriki uongo huo. Radhi hatukupewa, hakimu alisema mahakama haiwezi kumwamuru mtu ajute.

Gideoni alinipa mkono mlangoni. "Mama, mwezi wa saba karibuni, kwa bei ya punguzo."

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi baridi kali, ukungu umelala juu ya mabati. Sabina kanipita sokoni akajifanya anachagua nyanya.

Ijumaa, 23 Mei

Fedha zimeingia. Veronika kagawa. Ya Faustina nilisema nitaipeleka mwenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Nilivaa vizuri. Njiani nilirudia maneno ya kumwambia, kama mwanachuo wa ualimu anayekwenda kufundisha somo la kwanza.

Mbuke alinifungulia. Hakusogea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Yupo." Kutoka ndani nilisikia redio, halafu kikohozi chake, halafu redio ikapunguzwa. Alikuwa hatua sita kutoka nilipo. "Amesema kama ni fedha, nikupokelee. Kama ni maneno, ameshayasikia."

Nikampa bahasha. Akaihesabu pale pale, bila haraka, noti kwa noti, akasema zimetimia, akaniandikia risiti kwenye karatasi ya daftari la shule. Akanitakia safari njema. Mlango aliufunga taratibu, bila kuubamiza, na redio ikaongezwa tena.

Nilirudi kwa miguu. Jailos alikuwa nje anavunja mahindi ya kukausha. Hakuniuliza mapema. Alinipa kigoda, akaniletea chai, akangoja nimalize kikombe.

"Amekupokea?"

Nikasema amenipokea vizuri, tumezungumza sana, anakusalimu. Uso wa Jailos ukafunguka, akasema nilijua tu, yule mama ana moyo mkubwa, akarudi kwenye mahindi yake akipiga mluzi.